Anayejua Pa Kugonga

Mashine ya kusaga husikika kabla haijaonekana. Ukiwa njiani kati ya Dongobesh na Haydom, au ukikaribia Katesh kwa upande wa mashamba, mvumo wake hukufikia kutoka ng'ambo ya bonde wakati macho bado yanaona mahindi na alizeti tu. Ukiufuata utakuta kibanda chenye paa la bati, akina mama wawili watatu kwenye benchi, foleni ya ndoo na madebe yanayowashikia wenyewe nafasi, na ndani ya vumbi jeupe, fundi wa mashine ambaye kope zake zimeota unga.

Nimesimama mara nyingi kwenye milango ya vibanda hivyo wilayani Mbulu na Hanang, na kila mara jicho langu hutua mahali pamoja. Juu ya mashine kuna faneli kubwa ya bati, pana juu na nyembamba chini, ambamo mahindi humiminwa. Sehemu ya juu ya faneli ni nyoofu kama siku lilipokunjwa bati lake. Lakini chini, karibu na shingo, bati limebonyea hapa na pale, rangi imekwisha na chuma kinang'aa. Hayo ni makovu ya kugongwa, maelfu kwa maelfu, na yote yamekusanyika kwenye eneo lisilozidi viganja viwili vya mkono. Hakuna aliyepiga alama pale kwa chaki. Mkono wenyewe ndio uliojifunza.

Siku moja mama mmoja aliinuka kwenye benchi akauliza, "Baba, mahindi yangu mbona yamesimama?" Fundi, aliyekuwa akifunga kiroba cha mtu mwingine, hakugeuka hata kutazama. "Hayajasimama, mama. Yamejishikilia tu." Akapeleka kiganja nyuma, akalipiga bati kofi moja, na mahindi yakaanza kushuka.

Neno lile, "yamejishikilia", ndilo jibu lenyewe. Vitabu vya fizikia havina zaidi sana ya kuongeza, ila kueleza ni kwa namna gani.

Maji hayajishikilii. Ukitoboa ndoo ya maji, yatatoka mpaka yaishe, na kadiri ndoo ilivyojaa ndivyo yanavyotoka kwa nguvu. Nafaka haina tabia hiyo. Kila punje ya mahindi ni kitu kigumu, kina pembe, kina ubapa, na kinasuguana na jirani zake. Punje zinaposongamana kwenye shingo ya faneli, hutokea mara moja moja kwamba chache kati yake zimefika pamoja, zikaegemeana bega kwa bega kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Zikishaegemeana hivyo, uzito wa zilizo juu hauzisukumi zipite, bali unazikaza. Zimekuwa tao, sawa na tao la mawe juu ya mlango wa nyumba ya kale ya pwani, ambalo husimama kwa sababu kila jiwe linamzuia mwenzake asianguke. Tofauti ni kwamba tao la mlangoni lilijengwa na mwashi kwa siku kadhaa, na hili la mahindi limejijenga lenyewe kufumba na kufumbua, bila chokaa.

Mwaka 1895, wakati Wajerumani wakiitawala nchi hii, mhandisi mmoja huko kwao aitwaye H. A. Janssen alipima mgandamizo wa nafaka iliyojazwa ndani ya maghala marefu. Aligundua kwamba uzito unaofika sakafuni huongezeka nafaka inapoanza kujazwa, kisha hufika kikomo. Ukizidi kujaza, uzito wa ziada hubebwa na kuta, kwa sababu nafaka huegemea kando na kusuguana nazo. Ndiyo sababu wanaojenga vihenge vikubwa vya chuma, kama vile vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Babati, huhesabu nguvu ya kuta na siyo ya sakafu pekee. Na ndiyo sababu mteja anayemwambia fundi ajaze faneli hadi juu ili mahindi yapite haraka hatasaidiwa na ujazo huo. Faneli iliyojaa na faneli ya nusu hutoa nafaka kwa mwendo ule ule.

Kinachoamua mwendo ni tundu. Waholanzi watatu, Beverloo na wenzake, waliandika kanuni yake mwaka 1961: ukipanua tundu mara mbili, nafaka inayopita huongezeka zaidi ya mara tano. Na tundu likipungua hadi kufikia upana wa punje tano hivi, kwa punje za mviringo, matao huanza kujijenga mara kwa mara. Mahindi si ya mviringo, na ndani yake huwa kuna vipande vya magunzi, kwa hiyo huziba mapema zaidi. Fundi hawezi kulikwepa hilo kwa kufungua tundu lote, maana nyundo za mashine zina uwezo wake: akizimwagia mahindi mengi kwa pamoja, mkanda utateleza, injini itapumua kwa shida, na unga utatoka mkubwa. Kwa hiyo hukivuta kibati cha kufungulia tundu hadi mahali ambapo nafaka inapita kwa kiasi na inaweza kuziba wakati wowote. Anafanya kazi ukingoni, na mkono wake ndio unaomlinda asianguke.

Kabla ya mkono, kuna sikio. Mahindi yakishuka sawasawa, mashine hutoa sauti nzito iliyoshiba. Yakikatika, nyundo huzunguka zikipiga hewa, na sauti hupanda na kuwa nyembamba. Ndiyo maana yule fundi hakuhitaji kugeuka. Nimewaona wakiongea na wateja, wakirudisha chenji, wakimwelekeza mtoto aweke ndoo wapi, na katikati ya sentensi mkono unakwenda kwenye bati. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia, "Imelia njaa."

Kisha ni wapi pa kugonga. Mgeni akiona mahindi yamegoma, hugonga juu, kwa sababu juu ndipo anapoyaona. Kofi hilo halifiki. Punje ni wafyonzaji wakubwa wa mtikisiko; kila moja inaposuguana na jirani yake hula sehemu ya nguvu, na baada ya safu chache hakuna kilichobaki. Tao liko shingoni, basi kofi liwe shingoni. Na si lazima liwe zito. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Navarra, mjini Pamplona, Hispania, wakiwemo Celia Lozano na Iker Zuriguel, walitikisa matao ya punje na kutazama yanavunjikia wapi. Waliona kwamba tao huwa na mahali pake padhaifu: punje iliyoning'inia chini kidogo ya wenzake, iliyoshikwa na msuguano tu badala ya kuegemewa vizuri. Mtikisiko unapopita, hiyo ndiyo huteleza kwanza, na ikiponyoka zote zinashuka. Kumbe kofi la fundi halilivunji tao kwa ubavu. Linaizindua punje moja.

Watafiti hao waligundua pia kwamba matao hayafanani ukaidi. Mengi huvunjika papo hapo mtikisiko unapoanza, lakini machache hudumu muda mrefu kupita matarajio. Hilo nalo fundi analijua. Akipiga kofi la kwanza na la pili bila jibu, haongezi hasira. Hubadilisha upande, au huchukua kile kipande cha mti kilichoegeshwa ukutani, akagonga kwa mfululizo mwepesi, ko-ko-ko, mpaka lile kaidi litoe punje yake. Sijaona fundi mzuri akitia mkono ndani ya faneli. Vidole ni vya thamani kuliko debe la mahindi.

Katika vinu vya mawe vya Ulaya vilivyozungushwa na maji, kazi hii ilipewa kifaa chake. Mhimili wenye pembe ulizunguka pamoja na jiwe na kukigonga kihori cha nafaka kila pembe ilipopita. Jiwe likienda kasi, kihori kiligongwa mara nyingi zaidi, na nafaka ikaongezeka yenyewe. Ni uvumbuzi wa kupendeza, lakini ulikuwa ukigonga tu, haja ikiwepo isiwepo. Fundi wa Mbulu hugonga pale panapohitajika.

Hapa sina budi kusema lile ninalolistahi zaidi katika ufundi huu. Mtikisiko si dawa ya kila kitu. Mtikisiko ule ule hufanya kazi tatu zinazopingana: hufungua, hushindilia, na hutenga. Anayetikisa bila kujua ni ipi kati ya hizo anayoiita, anaweza kupata kinyume cha alichotaka.

Tazama kazi ya pili. Funga tundu la faneli kisha uligonge bati: mahindi hayatafunguka, yatakaa vizuri zaidi. Punje zitazungukiana na kujaza nafasi zilizokuwa wazi, na utakapofungua tundu zitakuwa zimekazana kuliko mwanzo. Mipira midogo ya ukubwa mmoja ikimiminwa taratibu kwenye chombo hujaza takriban asilimia 60 ya nafasi. Ikitikiswa hukaribia asilimia 64. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikigonga chombo cha namna hiyo maelfu ya mara, na bado punje zilikuwa zikizidi kujipanga, polepole zaidi kila hatua.

Wachuuzi wa gulioni hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Anayekuuzia debe hulimiminia mahindi kwa upole na kulisawazisha haraka; anayenunua hulitikisa debe kwanza, likashuka vidole viwili, akadai nyongeza. Gunia nalo hukung'utwa ardhini, likainuliwa na kukung'utwa tena hadi lishibe, na hapo ndipo huanza habari ya lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba ambalo Sheria ya Vipimo imelikataza na ambalo limewaibia wakulima wetu jasho kwa miaka mingi. Waswahili wa zamani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa, na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kufurika. Waliopima kwa vibaba na pishi walijua kwamba chombo kimoja hubeba viasi tofauti kulingana na mkono unaokishika. Mizani imekuja kumaliza ubishi huo, na ni haki mkulima aidai.

Kazi ya tatu, kutenga, ndiyo kongwe kuliko zote, nayo haina mashine. Asubuhi katika boma la Kiiraqw, kabla ya kitu chochote kupelekwa kusagwa, bibi huketi penye upepo na ungo mapajani. Humo kuna mtama, maharage, au mahindi yaliyopurwa jana. Tazama mikono yake kwa subira, maana inafanya mambo mawili ambayo mtu wa haraka huyaona kuwa moja.

Kwanza ungo unakwenda kando, kushoto na kulia, bila kuinuka. Punje haziruki, zinateleza tu juu ya nyingine. Kwa kila mwendo zinafunguka nafasi ndogo katikati yake, na nafasi ndogo huingiwa na kilicho kidogo. Mchanga na chenga huzama. Makapi na vipande vikubwa hupanda na kuelea juu. Mwaka 1987 Anthony Rosato na wenzake huko Marekani walitumia kompyuta kueleza kwa nini vitu vikubwa hupanda juu ya vidogo vinapotikiswa pamoja. Jibu lao, kwamba vidogo huingia chini ya vikubwa kila mtikiso unapofungua nafasi, limekuwa mapajani mwa bibi miaka yote. Kisha ungo unarushwa: mara moja, mara mbili, ukingo wa mbele ukishuka kidogo. Upepo unachukua kilichopanda. Pumzi ya mdomo inamalizia. Vidole viwili vinaokota jiwe moja lililobaki pembeni. Yote hayo hayachukui dakika, na mtoto anayetazama akijaribu, maharage humwagika nusu.

Lugha yetu imeyaheshimu mambo haya kuliko tunavyokumbuka. Kupembua ni kutikisa nafaka kwenye ungo ili safi ijitenge na chafu, na leo ofisi za serikali haziwezi kujenga barabara wala bwawa bila "upembuzi yakinifu". Kuchekecha ni kutikisa chekecheke, na mtu mwenye swali gumu huambiwa achekeche kichwa. Kuchambua kulikuwa kazi ya vidole juu ya pamba na mboga kabla ya kuwa kazi ya wahariri. Mswahili alipotafuta neno la kufikiri kwa makini, alikwenda kulichukua jikoni, kwa mama mwenye ungo.

Hanang imeshuhudia ungo huo ukifanywa wa chuma. Kwenye nyanda za Basotu, Tanzania ilianzisha mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig, na kilio cha wafugaji hao kuhusu ardhi yao kilifika hadi mahakamani. Kombaini zilizovuna ngano ile zilibeba tumboni vyano virefu vinavyotikisika, machekecheke yanayokwenda mbele na nyuma, na feni ya kupuliza makapi. Kutikisa, kuzama, kupanda, upepo: hakuna hatua hata moja ambayo bibi hakuwa nayo. Mashine iliongeza ukubwa na kasi. Ilichokosa ni jicho linalojua kwamba maharage ya shamba la bondeni yanahitaji mkono mwepesi kuliko ya shamba la mlimani.

Wabarabaig wenyewe wangeweza kuwafundisha wanasayansi jambo kuhusu kuziba. Mwaka 2014 Zuriguel na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha punje za ghalani, watu wanaotoka mlangoni kwa haraka, na kondoo wanaopita kwenye lango jembamba la shamba, wakaona vyote huziba kwa tabia moja. Mfugaji wa Hanang jioni, mifugo inapofika langoni mwa zizi, hawasukumi walio nyuma. Husimama kando ya lango, akapiga mluzi, akagusa kwa fimbo mnyama mmoja aliyesimama mshazari. Mmoja akiingia, wote wanaingia. Ni kofi lile lile la shingo ya faneli.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo fundi hagongi kabisa. Mama anafungua gunia lake, fundi anatia mkono, anatwaa punje chache, anaziuma. Zisipolia kati ya meno, humrudishia. "Mama, haya bado yana maji. Yaanike siku mbili." Unyevu kidogo hugundisha punje kwa punje, na pumba kwa bati, na mtego huo haufunguliwi kwa kofi. Ukiugonga, unaushindilia. Kukataa mzigo huo ni kupoteza fedha ya siku, lakini ni sehemu ya kazi, na fundi asiyejua kukataa huishia kufungua mashine yake kwa spana hadi usiku.

Watu wa Hanang wanajua upande mwingine wa jambo hilo, na siwezi kuandika juu ya vitu vinavyojishikilia na kuachia bila kulitaja. Unyevu kidogo huunganisha, bali maji mengi hutenganisha: hujaza nafasi kati ya punje, hubeba uzito uliokuwa ukizikaza, na msuguano hutoweka. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imelowa iliachia, na tope lenye mawe na miti likashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Udongo wa mlima nao ni punje juu ya punje, na kinachouzuia kushuka ni kule kujishikilia. Kuuelewa ni wajibu wetu kwa walioondoka na kwa wanaoishi bado chini ya mteremko ule.

Ndiyo maana naamini kofi la bati linastahili kuingia darasani. Shule zetu za Mbulu na Hanang hufundisha msuguano kwa mchoro wa kipande cha mbao juu ya meza. Mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye mashine ya kijiji, awaache wahesabu ni kofi la ngapi linalofungua, wapime debe kabla na baada ya kulitikisa, wamwombe bibi mmoja aje na ungo wake. Watakuta fizikia ambayo Ulaya na Marekani bado wanaiandikia makala, nayo iko mikononi mwa watu wanaowafahamu kwa majina.

Na wewe msomaji, utakapopeleka ndoo yako kusagwa, usiketi mbali. Simama karibu na mlango, usikilize sauti ikipanda, na uutazame mkono utakapokwenda. Kisha, unapolipa, mwambie fundi asante kwa kofi lile.